Maji Kinywani

Sikieni, wanangu, wala msinikatishe, maana pumzi imenipungua na maneno bado ni mengi. Zubeir, mwanangu wa kuzaa, kaa hapo. Nawe Dorcas, niliyekupata kazini nikakupenda kana kwamba nilikunyonyesha, sogea, usikae mlangoni kama mgeni. Nyumba hii ya Barani igawanywe kwa sharia, sina la kuongeza. Lakini mtungi ule na kata yake si mali ya urithi. Ni vya vilabu vya vijana, na hivyo ndivyo vilivyonifanya niwaite.

Mwajua, tangu nianze kuwafunza watu wazima wanaojitolea kuongoza vilabu, kutoka hapa hadi Mnarani, somo langu la kwanza ni lile lile: watoto wakianza mkutano wao, kila kiongozi achote funda la maji, alishike kinywani, asimeze wala asiteme mpaka watoto wamalize. Watu walinicheka. Msellem, yule fundi cherehani wa Takaungu, alipowasikia watoto wakikubaliana kujenga banda la kuku bondeni, macho yalimtoka, mashavu yakamfura, na maji yote yakaishia kwenye buibui langu, akawakemea kuwa hawana akili. Wakamtii, wakajenga juu. Mwaka wa pili yeye hayupo, wakajenga jingine bondeni kule kule. Watoto wa kilabu chako, Dorcas, walijenga bondeni tangu mwanzo, nawe maji kinywani, machozi yakikutoka; masika ya mwaka wa themanini na mbili yakaja, bonde likafurika, wakabeba kuku vichwani huku wakicheka, na hata leo hawachimbi shimo la nguzo kabla ya kuulizana maji hupita wapi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi tusiwainamie. Msellem naye ameninunia tangu siku ile; mwambieni buibui nimemsamehe, lilikuwa kuukuu.

Sasa nasikia mwagombana. Zubeir wataka viongozi wafunzwe mjini, kwenye viti. Dorcas wataka wafunzwe kondeni. Na kila mmoja amenijia kwa siri nimtaje yeye ashike nafasi yangu. Mkiachana mikono, vilabu vitatangulia kaburini kabla yangu. Hilo tu ndilo linaloniuma.

Siku ya maziko yangu, wageni wapokewe na watoto wa vilabu. Wapike wao wali, na ukiungua, nyinyi uleni mkisifu. Msinililie sana, nimeishi kwa raha na nimecheka kushinda watu wengi. Mungu awape subira, awajaalie watoto wenye maneno mengi, na masikio ya kuwatosha.

Sauti... yaniisha. Mwanitazama mkingoja jina. Zubeir, nichotee maji kwa kata hiyo. La, mwanangu, sina kiu. Nikishayatia kinywani, semezaneni, nyinyi wawili, mpaka mpatane. Mimi... nipo. Nawasikiliza. Lete.