Marehemu Mzee Kiliani Mapunda na Kichwa cha Jiwe cha Litumbandyosi

Mzee Kiliani Mapunda alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 huko Litumbandyosi, mtoto wa tatu wa Mzee Cuthbert na Mama Gertruda. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, kisha akaajiriwa na chama cha ushirika kupima kahawa. Wakulima waliomjua wanasema hakuwahi kuegemeza mkono kwenye mzani.

Mwaka 1966 alifunga ndoa na Lidia Ndunguru. Walijaliwa watoto watano.

Wanunuzi binafsi walipoingia na ushirika ukapunguza wafanyakazi, mwaka 1994, marehemu alijiunga na wenzake waliosaka vito mitoni. Kiangazi cha 1996, kwenye mchanga wa mto uliokauka, sururu yake iligonga kichwa cha mnyama kilichogeuka jiwe, chenye meno mawili marefu. Wenzake walitaka kukipasua, wakidhani ndani mna vito. Alikataa.

"Hiki kilikuwa na uhai," alisema. "Kwanza tujue ni cha nani."

Alikibeba hadi nyumbani. Mwezi uliofuata mtoto wao wa mwisho, Joakim, alifariki kwa malaria. Kijijini ikasemwa kwamba kichwa kile kimemla mtoto. Majirani waliacha kupita uani. Mama Lidia akamwambia mumewe achague, kichwa kile au yeye. Alikihamishia bandani lakini hakukitupa, akatuma habari chuo kikuu, Dar es Salaam.

Mwaka 1997 alifika mtaalamu wa miamba, Dk. Bonifasia Hyera. Alikisafisha kwa brashi kutwa nzima, akaeleza kuwa ni kisukuku cha mnyama wa kale sana, mwenye mdomo kama wa kobe.

"Na kwa meno haya, alikula watu?" Mama Lidia aliuliza.

"Hapana, mama. Alikula majani. Na enzi zake watu hawakuwapo."

Mama Lidia aliketi chini, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Marehemu aliketi kando yake. Kichwa kilipoondoka kwenda Dar es Salaam, mama ndiye aliyekifunga, kwa kitenge chake.

Mwaka 2002 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo. Alifariki nyumbani, asubuhi ya tarehe 14 Juni 2003, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wanne, yaani Hyasinti, Flavia, Edmund na Jacqueline, na wajukuu saba. Mwenyezi Mungu ampokee, alale kwa amani.