Aleyamma wa Chethi, Aliyekataa Saruji

Aleyamma Devassia, aliyetutoka Ijumaa tarehe 3 Novemba 2023, alizaliwa karibu na Pala, jimbo la Kerala, tarehe 9 Juni 1944, kifungua mimba wa Chacko na Mariamkutty. Haya yameandikwa na mdogo wake, Kuruvachan, ambaye hakumwomba mtu ruhusa.

Alisoma kwa masista hadi darasa la nane, akatolewa shule mwaka 1958 ili wadogo zake wasome. Mwaka 1963 aliolewa na Devassia, mgema wa utomvu wa mpira, akahamia nyumba iliyozungukwa na tope tupu.

Hapo akapanda chethi, kile kichaka cha mashada mekundu ambacho kila nyumba huku inacho na hakuna anayekijali. Yeye alikijali. Alikitia samadi, akakipogoa kila kilipomaliza kuchanua, na miche yake iliuzwa hadi Kottayam. Maua mengine alimpa jirani yake Sarojini, wa dini ya Kihindu, ayapeleke hekaluni, mengine aliyachemsha katika mafuta ya nazi ya kupaka watoto wachanga. Nusu ya tuliosimama hapa tulipakwa mafuta hayo, akiwemo padri wetu, ambaye siku hiyo alimkojolea gauni.

Mwaka 2019 mwanawe Roychan alirudi kutoka Dubai, akaona haya kwa udongo wa kwao. Akasakafia ua mzima apate pa kuegesha magari mawili, vichaka akavibakizia vitundu katikati ya saruji. Chethi haipatani na chokaa ya saruji, kila mtu huku anajua, ila mwenye pesa. Majani yakageuka manjano.

“Ammachi, si nimekuachia nafasi?”

“Umeniachia tundu la choo, mwanangu. Unanitia kinyaa.”

“Siku hizi kila mtu anasakafia.”

“Basi kila mtu ni mchafu.”

Vichaka vyote vikafa. Inachefua mpaka leo kupita pale.

Figo zilimwangusha kitandani Machi 2022. Roychan akamletea picha ya kaburi la ukoo alilomjengea: saruji juu, saruji chini, na marumaru nyeusi. Aleyamma akatapika, kisha akaomba aitiwe padri.

“Baba Padri, mimi nitieni udongoni, kule kwa wasio na kaburi lao. Sarojini ana mche uliotoka kwangu. Aupande juu yangu.”

Roychan alisema mama anaweweseka. Hakuwa anaweweseka, na padri alisikia.

Ameacha mdogo wake, binti yake Lissamma, wajukuu watano, na Roychan, aliyesimama pale mbele ya kaburi lake la saruji, ufunguo wa mlango wake mkononi. Shimo la dada yetu limechimbwa huku, kwenye udongo. Roychan, tia huo ufunguo mfukoni, uje ushike koleo.

Udongo umpokee, na Bwana ampumzishe.