Majarida ya Fundi Kola

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka fundi cherehani tuliyemzika juzi. Mtaani walimwita Fundi Kola, kwa sababu ukimsalimia alitazama kola ya shati lako kwanza, uso baadaye.

Fundi Kola alikusanya majarida ya mitindo ya wanaume. Maisha yake yote. Yalijaa chini ya meza ya kukatia, juu ya kabati, hadi uvunguni mwa kitanda. Mkewe anasema, "Nimeishi uke wenza na makaratasi." Na hakuyatazama tu. Alishika penseli akazikosoa picha. Pembeni ya bwana mmoja mtanashati aliandika: "Mikono mirefu. Koti la kurithi hili!"

Sasa sikilizeni. Shemeji yake, kaka wa mkewe, anafanya kazi kwenye maktaba ya watafiti. Akaja, akala, akashiba, akasema: "Shemeji, nipe majarida tuyapige picha, tuyaweke mtandaoni, watafiti wa dunia nzima wayasome. Jina lako litakaa juu." Fundi akayafunga kwa vitambaa vya bitana, akayabeba mwenyewe hadi kwenye gari.

Hifadhi ikafunguliwa mtandaoni. Binti yake akaisoma kwenye simu, pale pale kwenye cherehani: "Mkusanyiko na maoni ya..." Jina lililofuata halikuwa la baba. Lilikuwa jina la mjomba wake.

"Soma tena," baba akasema.

Akasoma tena. Jina la mjomba. Hata yale maneno ya penseli, eti ya mjomba! Mtu ambaye kifungo cha shati kikimkatika humpelekea dada yake! Lo, kikulacho ki nguoni mwako.

Fundi akampigia simu. Shemeji akajibu, "Haya ni mambo ya ofisi, wewe huwezi kuyaelewa." Basi. Binti anasema tangu siku ile, ukimletea baba jarida jipya aligeuza uso. Imeniuma, sifichi.

Asubuhi hii shemeji ametuma rambirambi, tuzisome hewani. Anamlilia "msaidizi wangu katika kukusanya majarida." Msaidizi! Hapana. Zilizobaki sizisomi.

Mama mjane, binti yetu, poleni sana. Mungu awape subira. Nanyi wasikilizaji wapendwa, tazameni mlichokabidhiwa na watu wenu, mjiulize kimeandikwa jina la nani.

Nilimuuliza mjane anataka niseme nini. Akafuta macho. "Yule ni kaka yangu, tumbo moja. Nitamfanya nini? Wewe sema tu majarida yalikuwa ya mume wangu."

Yalikuwa ya mumewe.