Mama Majibu na Mabango Mia Mbili

Ndugu waombolezaji, fundi cherehani tuliyemzoea kwa jina la Mama Majibu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya watano, na kitindamimba wao ndiye anayewasomea historia hii. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akajifunza ushonaji, na mwaka 1980 akafungua chumba chake nyuma ya posta, ambako alishona sare za wauguzi na kuwagombeza waliochelewa kuja kupima.

Alifunga ndoa na fundi bomba tarehe 6 Desemba 1984, wakajaliwa watoto watatu, na kifungua mimba wao alifariki kwa selimundu tarehe 19 Julai 1996, akiwa na miaka kumi. Daktari alipoulizwa kwa nini dawa iliyomsaidia mtoto wa jirani haikumsaidia huyu, alikiri kwamba hajui, na kwamba hakuna aliyewahi kugharamia utafiti wa jambo hilo. Jibu hilo lilimkaa dada yetu kooni kwa miaka kumi na minane.

Mwaka 2014, daktari huyohuyo alipotaka kuanza utafiti, dada aliitisha mchango wa watu wote kwa simu, maana haba na haba hujaza kibaba. Msomaji wa historia hii, aliyekabidhiwa kazi ya mabango, akatia chumvi, akaandika kwamba dawa imepatikana. Michango ikamiminika siku tatu. Dada alipoona, aliyabandua mabango yote mia mbili kwa mkono wake, akamrudishia kila mtu pesa yake, akimweleza kwamba dawa haipo, lipo swali tu. Utafiti ukakwama miezi minane, nasi ndugu tukamnunia, tukisema amejipalia makaa.

Kisha wachangiaji wakaanza kurudi, wa kwanza akiwa muuza mitumba, aliyesema kwamba anayerudisha pesa bila kudaiwa hawezi kuila. Mei 2019 majibu ya utafiti yalionyesha kuwa dawa iliyojaribiwa haikufaa, dada akawatumia wote ujumbe huo bila kuficha neno, nao wakachangia awamu ya pili.

Alianza kuugua moyo Januari 2024, akafariki tarehe 11 Septemba. Siku mbili kabla, alimkabidhi msomaji huyu, yuleyule wa mabango, simu yenye namba za wachangiaji wote, na hakumpa onyo lolote.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, mafundi wenzake na wachangiaji. Majibu ya awamu ya pili yanatoka mwezi ujao.

Pumzika kwa amani, dada, yakiwa mazuri nitaandika mazuri, yakiwa mabaya nitaandika mabaya.