Lothar Zadow, Aliyeipima Chumvi ya Mto Murray

Lothar Otto Zadow alizaliwa tarehe 9 Agosti 1944 hapa Kerrabee, kwenye shamba la michungwa la baba yake, akimfuata dada yake Hedwig. Alisoma shule ya kanisa, akaacha akiwa na miaka kumi na minne. Hedwig alikuwa ameacha zamani ili awapikie.

Mwaka 1966 aliajiriwa kupima chumvi ya mto, kila asubuhi, Jumapili hata Krismasi. Tarehe 14 Machi 1970 alimwoa Beryl Noske. Siku hiyo pia alipitia mtoni kwanza, akafika kanisani na matope. Beryl akamwambia mbele ya mchungaji, "Umetoka kwa mke mwenzangu?"

Sisi wakulima tulimwagilia mashamba kupita kiasi. Maji yalizama, yakaisukuma chumvi ya chini ya ardhi hadi mtoni. Mto ni mpaka wa majimbo mawili, kila ukingo una serikali yake, na ofisi zao za maji hazikuwa zikisemezana. Mwaka 1988 Lothar aliziita zote mbili jikoni kwa Hedwig. Kila moja ilikuja na ramani yake, na kila ramani iliishia katikati ya mto.

"Bwana, ng'ambo mbona umeacha kweupe?" Lothar aliuliza.

"Kule si kwetu."

"Na chumvi ikivuka, huwa mnaidai pasipoti?"

Hedwig alizibana zile ramani pamoja kwa vibanio vya nguo, akasema supu hailiwi mpaka wapatane. Wakapatana: ukingo wa kusini uchimbe visima vya pampu vya kunasa maji ya chumvi, wa kaskazini uyapokee kwenye mabwawa yakaukie huko. Asiwashe mmoja bila mwenzake. Kipimo kikashuka, michungwa ikapona.

Januari mwaka huu wa 2019 Lothar aliugua mapafu. Mwezi huohuo visima vilizimwa vitengenezwe. Vikatengenezwa. Tangu hapo ofisi hii inangoja barua ya ile, na ile inangoja ya hii. Mabwana wenyewe wamo humu kanisani, benchi la kulia na la kushoto.

Hedwig ndiye aliyeshuka mtoni na kipima chumvi. Kusoma hajui sana, ila namba anazijua. Machi 520. Aprili 690. Wote hapa mnajua ikipita 800 maji hayanyweki. Tarehe 2 Juni ilikuwa 910.

"Ngapi leo, dada?" Lothar aliuliza kitandani, hospitalini.

"Mia nne."

"Basi wamewasha," akasema, akafumba macho. Alikata roho saa tisa alasiri. Katika miaka sabini na minne Hedwig hakuwahi kumdanganya ila siku hiyo.

Asubuhi ya leo ni 1,040. Visima kimya. Majani ya michungwa ya kwake yameanza kuungua pembeni.

Beryl alimtangulia mwaka 2011. Lothar ameacha watoto wawili, Grant na Leonie, wajukuu watano, na dada yake.

Amelala akiamini vimewashwa. Mungu amlaze hivyohivyo, asiamke kuuliza.