Zile Herufi Tatu Zenye Mkia

Benchi langu la kahawa lina miguu mitatu yake na wa nne wa tofali. Wateja wameniita Birika mpaka nimechoka kukataa. Asubuhi ile walikaa watatu: Spana fundi baiskeli, Faili karani mstaafu, na Brashi mwandika mabango, aliyeipa barabara mgongo. Ng'ambo palikuwa na duka jipya, bango lake jekundu limejaa herufi kubwa za mtindo wa brashi, nene tumboni, nyembamba shingoni, zote zimelala upande mmoja. Mwenye duka ni binti wa dada yake Brashi. Hilo, mbali na Brashi mwenyewe, nililijua mimi peke yangu, na sikuona sababu ya kulitangaza. Mlango ulikuwa wazi tangu saa mbili na hakuna aliyeingia. Watu walisimama, wakainua vichwa, wakakunja uso, wakapita.

— Brashi, hongera, alianza Spana. Bango limekaa vizuri.

— Si langu.

— Acha zako! Huo mkono naujua. Tazama ile herufi yenye mkia, rangi ilivyokauka mwishoni ikaacha michirizi.

— Nimesema si langu.

Faili alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

— Hiyo ni kompyuta. Kuna herufi zimetengenezwa zifanane na brashi. Unagonga kitufe, inatoka na michirizi yake.

— Mashine ijue kukausha rangi? Thubutu!

— Haijui. Kuna mtu aliandika zamani, mara moja tu, wakauhifadhi mkono wake humo ndani.

— Mkono mzima?

— Mwandiko, Spana. Sasa yuko kwenye kadi za harusi, kwenye chupa za manukato, kwenye kioo cha kinyozi. Ukienda nchi nyingine utamkuta ameshafika.

Spana alifikiri, na Spana akifikiri huwa hapatokei jambo dogo.

— Basi huyo mtu ni Brashi. Walimpiga picha akiwa juu ya ngazi pale kwa kinyozi. Wamemwibia mkono mchana kweupe!

— Au alishafariki, alisema Faili, na bado anapata kazi kuliko sisi.

— Ndiyo maana zimelala upande! Maiti ataandikaje wima?

Nilimimina raundi ya pili. Ng'ambo, binti alitoka mlangoni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akarudi ndani. Nilimhurumia, lakini kazi yangu ni kahawa.

— Zile tatu zenye mkia, alisema Brashi bila kugeuka, zihesabuni michirizi.

Faili alisimama, mkono juu ya miwani.

— Minne. Na hii minne. Na ile... minne.

— Mkono wa mtu hauwezi hivyo. Ya kwanza brashi imeshiba, ya tatu ina njaa. Hizo ni mapacha watatu.

— Wewe umeziona lini, na umeligeuzia bango mgongo? aliuliza Faili.

— Alfajiri. Kabla hajafungua.

Akanywa funda, kisha akaendelea, kwa sababu kazi ikiharibiwa hawezi kunyamaza:

— Na wamezipanga kubwa tupu. Mtindo huu, kubwa inatangulia moja, ndogo zinaifuata zikishikana mikono. Neno moja fupi, basi, linapendeza. Ukiziweka kubwa tupu, kila moja ni bibi harusi. Nani atamtazama nani?

Hapo ndipo alipofika mgeni, suruali mkononi, imefumuka mshono wa nyuma.

— Samahanini wazee. Pale wanafanya kazi gani?

Spana na Faili waligeukia bango walilolijadili asubuhi nzima.

— Saluni, alisema Spana.

— Dawa, alisema Faili. Au... ile ya mwanzo ni herufi gani?

— Anashona, alisema Brashi. Suruali hiyo ataimaliza kabla hujakaa.

— Umesoma pale juu? aliuliza mgeni.

— Pale hapasomeki. Ni mpwa wangu.

Kahawa ilimpalia Spana. Mgeni alimtazama Brashi, akalitazama duka, hatua ishirini tu.

— Sasa mbona umekaa huku?

Hakuuliza kwa ubaya. Faili alichungulia kikombe chake, Spana akakumbuka kukohoa. Brashi alizungusha kikombe mkononi. Aliumia kwamba hakuombwa kuliandika bango, na pengine hakuwahi kusema kwamba angependa kuombwa. Nilitikisa birika ili nimwokoe, nikakuta ni tupu.

— Kahawa imekwisha, nikasema.

Brashi alisimama.

— Nipe chaki yako.

Nilimpa ile ya kibao changu cha kahawa. Alivuka barabara, mgeni nyuma yake. Binti alitoka mbio.

— Mjomba! Shikamoo.

— Marahaba. Sogea, unanikinga mwanga.

Akaandika kwenye ubao wa mlango, herufi za kawaida, wima, bila mkia hata mmoja: TUNASHONA. Mgeni alisoma, akaingia. Faili alizikagua A zote mbili kupitia miwani yake.

— Hii ya pili imenenepa, alisema.

Akakaa, ameridhika.