Élisabeth Ninahazwe, Aliyefuta Jina Lake Mbele ya Watu

Ndugu, majirani na walimu mliofika, familia imemtuma Urbain Nimbona, mdogo wa marehemu, asome maisha ya dada yake, naye anaomba mumvumilie, kwa sababu hakusoma sana, na kwa sababu iko sehemu humu ndani inayomhusu yeye mwenyewe na haimpendezi, lakini mbele ya jeneza si vizuri kudanganya.

Élisabeth alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 huko Nyanza-Lac, mkoa wa Makamba, Burundi, mtoto wa pili wa mzee Pierre-Claver, mkulima wa michikichi, akaanza shule ya msingi mwaka 1976 na kukomea darasa la sita mwaka 1982, siyo kwa kukosa akili, ila nyumbani ada ilitosha mtoto mmoja tu, na mtoto huyo akawa kaka yao mkubwa.

Vita vilipoanza mwaka 1993 alikimbilia Tanzania, akaishi kambi ya Mtabila, Kasulu, karibu miaka kumi na tano, na huko tarehe 6 Julai 1996 akafunga ndoa na Salvator Niyonkuru, fundi cherehani, tuliye naye hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu, Pascal aliyezaliwa 1998 na kutangulia mwaka uliofuata, Annick wa 2001 na Peguy wa 2005. Waliokaa kambini wanajua, karatasi ikipita unaandika jina kwanza, maswali baadaye, maana anayeuliza anakuta blanketi zimekwisha.

Familia ilifika Durban, Afrika Kusini, tarehe 2 Septemba 2008, ikapanga chumba Albert Park, na Élisabeth akapata kazi ya usafi katika kiwanda cha mapazia Pinetown. Januari 2009 alimzungusha Annick kutafuta shule, mbili za binafsi zikamrudisha mlangoni, moja kwa kukosa cheti cha kuzaliwa, nyingine kwa kuwa mtoto hakujua Kiingereza, lakini katika shule ya serikali, yenye watoto hamsini na zaidi kwa darasa, mwalimu mkuu alisogeza dawati akasema, "Mama, cheti utaleta, mtoto aingie." Mwaka 2011 shule hiyo hiyo ilimwajiri kupika chakula cha watoto, akafanya kazi hiyo mpaka ugonjwa ulipomzuia.

Sasa mwaka 2013 lilikuja shirika moja na mpango wao, kwamba pesa za umma zigawiwe kwa vocha, mzazi achukue vocha ampeleke mwanawe shule ya binafsi anayoitaka. Kanisa letu lilifurahi, kwa sababu Pasta Dominiki alitamani tufungue shule yetu Greyville, na hatukuwa na ubaya, tulichoka kuona watoto wamebanana. Jumapili tarehe 11 Agosti Pasta alimpa Urbain orodha ya kuunga mkono mpango huo, akamwambia awaeleze watu vizuri kabla hawajatia sahihi. Urbain hakueleza. Aliona kalamu inakwenda yenyewe kutoka benchi hadi benchi, kila mtu anaandika jina na namba ya karatasi zake bila kuuliza, akaona kazi imekuwa rahisi, akanyamaza. Hilo ni kosa lake, analikiri leo mbele ya Mungu na mbele yenu.

Jumamosi tarehe 24 Agosti ulifanyika mkutano wa kusikiliza maoni ya wananchi, ukumbi umejaa, na mama mmoja aliyekuwa mwenyekiti akasoma kwamba wazazi wakimbizi mia moja na kumi na wawili wanaomba vocha, akaanza kuyataja majina. La kumi na saba likawa Élisabeth Ninahazwe. Akasimama. Urbain, aliyeketi pembeni yake, akamvuta sketi, "Dada, keti, unatutia aibu mbele ya Pasta," naye akajibu bila kushusha sauti, "Acha nguo yangu, Urbain."

Mwanamke huyu wa darasa la sita, ambaye hata dukani alikuwa anamtuma Annick aongee, alisema kwa Kiswahili, mwalimu mmoja akitafsiri, "Hilo jina ni langu, mlifute. Mimi nilifikiri ni blanketi." Ukumbi ulicheka, hata yeye alicheka, kisha akaendelea, "Fungueni shule yenu, Mungu awabariki, siku ya kufungua nitakuja kuwapikia bure, lakini fungueni kwa sadaka yenu. Shule ya binafsi inachagua. Mwenye cheti ataingia, mwenye Kiingereza ataingia, na yule asiyechaguliwa atarudi kwangu pale jikoni, na pesa yake mmeshaigawa. Nitampikia nini? Atakaa dawati gani?"

Urbain anasema alimfahamu dada yake miaka yote na siku ile hakumfahamu. Mzee mmoja wa nyuma akanyanyuka, "Eish, na mimi nilifikiri blanketi, nifuteni," akafuata mwingine, wakafika arobaini na mmoja. Mpango haukuendelea mwaka ule, hatudai ni kwa maneno yake.

Kanisani aliambiwa apumzike kuimba kwaya, akapumzishwa miezi kumi na moja, na kila Jumapili alikuja, akakaa benchi la mwisho, akaimba kutoka huko. Urbain hakukanyaga kwake muda wote huo, kwa hasira alizoziita heshima kwa Pasta.

Oktoba 2014 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, na Pasta Dominiki ndiye aliyetangulia kwenda kupiga magoti kando ya kitanda chake, Urbain akafuata. Aliwasamehe kabla hawajamaliza kuomba, akafariki Alhamisi tarehe 11 Juni 2015, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Albert Park waliopanda ngazi na maji na chakula, Pasta na kwaya, walimu na wapishi wenzake.

Liko neno moja limebaki. Mpango wa vocha umerudi, mkutano ni Jumamosi ijayo, na siku mbili kabla ya kufa Élisabeth alimshika Urbain mkono akamwambia, "Safari hii nenda wewe." Urbain anaogopa watu, mnamjua. Ataenda. Atasimama, na ataanza kwa kusema kwamba orodha ile ya kwanza aliipitisha yeye.

Lala salama, dada yetu, Bwana akupe amani yake.